Barua ya wazi kutoka Kusini: korosho iandikwe kwenye mkataba kabla soko halijafunguliwa zaidi

Kwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Waziri wa Kilimo, waziri mwenye dhamana ya utamaduni, wabunge wetu wa Mtwara na Lindi, na maofisa wote mnaokwenda Arusha, Gaborone na Accra kutuwakilisha kwenye vikao vya biashara.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kutoka Kusini. Walioshika kalamu katika barua hii ni wabanguaji wa korosho, makarani wa vyama vya msingi, mawakala wa forodha wa bandari ya Mtwara na wachongaji wa mpingo wa Masasi, Newala na Lindi. Hatujaandika kupinga biashara huria. Mji wetu ni wa bandari, na mpaka wetu na Msumbiji ni mto ambao ndugu waliuvuka tangu forodha haijakuwepo. Mwaka 2010, Daraja la Umoja lilipofunguliwa Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720 juu ya mto Ruvuma, sisi tulikuwa wa kwanza kushangilia.

Tunachotaka kuzungumza nanyi ni masharti. Nchi yetu imo kwenye Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu 2005, Soko la Pamoja tangu 2010, eneo huru la biashara la SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) lililozinduliwa 2008, na sasa Eneo Huru la Biashara la Afrika lililosainiwa Kigali Machi 2018. Kaskazini tuna Kenya, ambayo viwanda vyake vilitutangulia. Ndani ya SADC tuna Afrika Kusini, yenye uchumi mkubwa kuliko mwanachama mwingine yeyote. Mlango ukifunguliwa kwa majirani wa namna hiyo, bei ya sabuni na mafuta ya kula inaweza kushuka, na mwenye akili hawezi kulichukia hilo. Ila zipo kazi zinazomfanya mtu wa Kusini ajulikane kuwa wa Kusini, na kazi hizo hulindwa au huachwa kwenye vifungu vichache vya mkataba, vyenye maneno makavu, ambavyo havisomwi hadharani. Vifungu hivyo tunavifahamu kwa sababu ndivyo vinavyotupata kwenye ghala na kwenye gati.

Tuanze na korosho, maana ndiyo inayolipa ada, harusi na unyago.

Tani 1 ya korosho ghafi nzuri, yenye kipimo cha ratili 48 kwa gunia la kilo 80, ina karibu kilo 272 za karanga. Iliyobaki ni ganda na ngozi. Kontena la futi 20 la korosho iliyobanguliwa hubeba katoni 700 za ratili 50, yaani karibu tani 16. Kuupata mzigo huo unahitaji takriban tani 58 za korosho ghafi, ambazo zingejaza makontena manne. Kwa hiyo kila korosho ghafi inapopakiwa Mtwara kwenda India au Vietnam, sehemu kubwa ya nauli ya meli inalipia maganda, na mnunuzi anaikata nauli hiyo kwenye bei anayotaja mnadani. Ganda lenyewe si takataka: lina mafuta yanayotumika kwenye breki za magari, rangi na vanishi, na likishakamuliwa linawasha boila ya kiwanda.

Kati ya gunia na katoni ndipo ilipo kazi tunayoizungumzia. Korosho huanikwa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Ikizidi hapo inavunda ghalani, na ratili zinaporomoka kabla mnada haujafika. Kiwandani huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, huachwa ipoe mpaka kesho yake ili karanga iachane na ganda, ndipo hubanguliwa. Karanga huingia oveni yenye joto la nyuzi 70 hivi kwa saa 6 hadi 8, humenywa ngozi nyembamba, kisha hupangwa madaraja. Ikipikwa kidogo, karanga inang'ang'ania ganda na inapasuka chini ya kisu. Ikipikwa kupita kiasi, mafuta ya ganda yanapenya ndani na inabadilika rangi. Ikikaushwa mno inavunjika wakati wa kumenya, na isipokauka sawasawa ngozi haitoki. Korosho nyeupe nzima ya daraja la 320, maana yake punje zisizozidi 320 kwa ratili, ndiyo inayobeba kiwanda; vipande bei yake hushuka vibaya. Kiwanda huishi au hufa kwa asilimia ya punje zinazotoka nzima, na asilimia hiyo iko mikononi mwa watu waliozoea, wengi wao akina mama. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku tatu. Kiwanda kikifungwa misimu miwili au mitatu, mikono hiyo inahamia kwenye mama lishe na bodaboda, na kuikusanya tena ni kuanza upya.

Hilo limeshatokea hapa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua, jumla yake 12 pamoja na vya Dar es Salaam na Kibaha, vyenye mashine za Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000. Wakati viwanda vinakamilika, mavuno yalikuwa yanaanguka: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilivunja moyo, ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga ukaingia, na katikati ya miaka ya 1980 tukafika chini ya tani 20,000. Viwanda vikakosa cha kubangua, baadaye vikabinafsishwa, na vingi vikageuka maghala ya kutunzia korosho ghafi ya kusafirisha. Salfa ya kutibu ugonjwa huo na stakabadhi ghalani, yaani kuuza kwa hati ya mzigo uliowekwa ghalani, zilirudisha zao. Msimu wa 2017/18 zilivunwa zaidi ya tani 310,000. Kubangua hakukurudi kwa kasi hiyo.

Sababu haihitaji tume. Minada hufunguliwa Oktoba na mzigo mkubwa huwa umeisha miezi mitatu au minne baadaye. Mbanguaji lazima anunue katika muda huo korosho ya kumtosha mwaka mzima, alipe fedha taslimu ndani ya siku chache, kisha alipe riba ya benki huku akiuza kidogo kidogo. Mnunuzi wa nje ana fedha za riba nafuu, na kiwanda chake kinapokea korosho za Afrika Magharibi na za kwetu kwa zamu, hivyo mashine hazilali. Loti za mnada nazo ni kubwa, zimekatwa kwa kipimo cha meli. Mwenye kiwanda kidogo cha Newala anayehitaji tani 10 hana pa kuingilia, na ndiyo maana wengine hujikuta mlangoni kwa kangomba, wanunuzi wa magendo.

Kinachosimama kati ya mbanguaji wetu na mnunuzi huyo ni ushuru wa kusafirisha korosho ghafi: asilimia 15 ya thamani ya FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini, bila nauli) au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Sharti hilo la mwisho lina kazi yake. Bei ikiwa dola 1,400 kwa tani, asilimia 15 ni dola 210. Mtu akiandika ankara ya uongo ya dola 800, asilimia 15 ingekuwa dola 120 tu. Sakafu ya 160 inamnasa. (Mpaka 2018 asilimia 65 ya ushuru huu ilikuwa inarudi kwenye maendeleo ya zao, kisha sheria ikabadilishwa. Wabunge wetu wanakumbuka mjadala ule, hatutaurudia hapa.)

Sasa, mikataba ya biashara huria ina desturi ya kufuta ushuru wa aina hii, na hufanya hivyo kimyakimya. Itazameni Canada. Hakuna nchi iliyokaa na jirani mwenye nguvu kwa karibu zaidi, wala iliyogombana zaidi kuhusu jambo hili. Uchaguzi wao wa Novemba 1988 uligeuka kura ya mkataba na Marekani: Waziri Mkuu Brian Mulroney aliutetea, kiongozi wa upinzani John Turner akaonya kwamba utaondoa uhuru wa nchi yao. Mulroney akashinda, mkataba ukaanza kazi Januari 1989. Hotuba zao zilihusu bendera na roho ya taifa. Ugomvi wa mwanzo uliofuata ulihusu samaki.

Kwa sheria ya siku nyingi, Canada ilikataza heringi na aina kadhaa za salmoni wa pwani ya Pasifiki kusafirishwa kabla ya kusindikwa, ili viwanda vya pwani vipate kazi. Marekani ilishtaki kwenye GATT, mkataba wa dunia wa ushuru na biashara, na Machi 1988 ikapitishwa kwamba katazo hilo linavunja kanuni. Canada ikaja na sharti jipya: samaki washushwe kwanza kwenye gati la Canada. Jopo la kwanza lililoundwa chini ya mkataba mpya, mwaka 1989, likaona kasoro humo pia, na mwisho wake ilibidi sehemu ya samaki iruhusiwe kwenda Marekani moja kwa moja kutoka baharini.

Somo lake kwetu ni la moja kwa moja. Kifungu cha XI cha GATT kinazuia makatazo na mgao wa kusafirisha bidhaa, lakini kinaacha ushuru na kodi. Mwanasiasa akipanda jukwaani Tandahimba na kutangaza kwamba korosho ghafi ipigwe marufuku, atapigiwa makofi. Mshaurini ashuke taratibu, maana marufuku ndiyo silaha iliyo rahisi kunyang'anywa. Ushuru ni imara zaidi, ila na wenyewe unaweza kusainiwa ukafa. Canada na Marekani walikubaliana kutotozana ushuru wa kusafirisha nje, isipokuwa bidhaa hiyo itozwe vivyo hivyo inapotumiwa nyumbani.

Na sisi tumeshaweka saini za namna hiyo. Itifaki ya Biashara ya SADC, kifungu cha 5, inazuia nchi wanachama kutoza ushuru wa kusafirisha bidhaa kwenda kwa mwanachama mwenzao. Itifaki ya bidhaa ya Eneo Huru la Afrika imekaa tofauti: inaruhusu ushuru huo mradi utozwe bila kubagua mzigo unakwenda wapi, na sekretarieti ijulishwe. Vyote viwili vinatuhusu kwa wakati mmoja. Mtu mjanja anaweza kuandika kwamba mzigo wake unakwenda nchi ya SADC, akaomba msamaha wa ushuru, kisha mzigo uleule ukapanda meli ya kwenda Asia kutoka bandari ya jirani. Kinachopunguza tamaa hiyo kwa sasa ni kwamba Msumbiji nayo inatoza ushuru korosho ghafi.

Msumbiji haikuuweka ushuru huo kwa kupenda nadharia. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, iliupunguza hadi asilimia 14. Korosho ghafi ikatiririka kwenda India, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vyake vingi vikubwa vilikuwa vimefungwa na maelfu ya wafanyakazi wako mitaani. Bunge lao likapitisha sheria ya kuurudisha hadi kati ya asilimia 18 na 22, na ubanguaji ukaanza kufufuka Nampula kwa viwanda vidogo vya mikono. Nchi hizi mbili, zenye korosho ileile na Wamakonde walewale kila upande wa mto, zikae ziandikiane makubaliano kwamba hakuna atakayeshusha ushuru wa korosho ghafi chini ya kiwango fulani bila kumwarifu mwenzake. Asilimia 15 iwe sakafu ya pamoja. Kazi ya kuandika hiyo ni ya mwezi mmoja, na haihitaji kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi.

Msituone wakaidi tunapong'ang'ania kifungu hiki. Hayati Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, ambaye hakuna anayeweza kumwita adui wa soko huria, aliandika hadharani mwaka 2016 kuupinga mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Mkataba ule ulifunga mikono kwenye ushuru mpya wa kusafirisha nje, na Bunge likashauri usisainiwe.

Mpingo uko njia moja na korosho. Unaohalalishwa kutoka misitu ya vijiji vya Kilwa huondoka zaidi ukiwa vipande vya kutengenezea klarineti na obo huko Ulaya, wakati mchongaji anahangaikia gogo lililonyooka. Kuuza kinyago nje, ushuru unaweza kuwa sifuri na bado mlango ukawa umefungwa: tangu Januari 2017 mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, pamoja na jamii yake yote, na mzigo unaozidi kilo 10 za mti huo unadai kibali. Kilo 10 ni vinyago viwili vitatu vya ujamaa vya saizi ya kawaida. Wakati huohuo sokoni kuna vinyago vya mti laini vilivyopakwa rangi ya viatu, vinaitwa vya Kimakonde, na haviulizwi kibali popote. Mkijadili haki za ubunifu kwenye Eneo Huru la Afrika, jina la Kimakonde liingizwe kwenye orodha ya majina yanayolindwa kwa asili yake, likiwa na maelezo ya mti, mikondo yake ya binadamu, shetani, ujamaa na mapiko, na wilaya za pande zote mbili za Ruvuma. Mkiandika Tanzania peke yake mtawakosea ndugu zetu wa Mueda, Msumbiji, na mtapingwa kwa haki.

Kuhusu utamaduni kwa upana wake, redio, filamu, muziki na vitabu vya shule, Canada wanatufundisha tena, safari hii kwa kosa la kiufundi. Tangu 1971 redio zao zililazimika kupiga angalau asilimia 30 ya muziki wa nyumbani. Kwenye mkataba wa Marekani waliweka kifungu namba 2005 kinachotoa viwanda vya utamaduni nje ya makubaliano. Mstari unaofuata wa kifungu hichohicho ukaipa Marekani ruhusa ya kulipiza kwa hatua yenye uzito sawa kibiashara. Halafu likaja suala la magazeti: Canada ilitoza kodi ya asilimia 80 matangazo ya majarida ya Marekani yaliyochapishwa toleo la Canada kwa habari zilezile, Marekani ikaenda kushtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani badala ya kwenye mkataba wao, na mwaka 1997 Canada ikashindwa. Kinga ilikuwa kwenye mkataba mmoja, kesi ikasikilizwa kwenye mwingine. Sisi tumo kwenye mikataba minne kwa pamoja. Kinga ya vitabu vya shule na utangazaji wa Kiswahili ikiwekwa mmoja tu, mlalamikaji atachagua mahakama isiyo nayo.

Kuna jambo la muda wa mpito, nalo tulisemee kwa ufupi kwa sababu wataalamu wenu wanalijua. Afrika Mashariki ilipoanza Umoja wa Forodha, bidhaa za Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, huku baadhi ya bidhaa za Kenya zikiendelea kutozwa kwetu, ushuru ukipungua kila mwaka mpaka 2010. Utaratibu huo ulikuwa mzuri. Utekelezaji ndio huangusha: Mexico, kwenye mkataba wake na Marekani na Canada, ilipewa miaka 15, kuanzia 1994, ya kulinda mahindi yake kwa mgao na ushuru mkubwa kwa yanayozidi, lakini serikali yenyewe ikaacha kukusanya ushuru huo tangu miaka ya mwanzo, na mahindi ya Marekani yakaingia. Kwenye Eneo Huru la Afrika, asilimia 90 ya aina za bidhaa zinafunguliwa, asilimia 7 ni nyeti zenye muda mrefu zaidi, na asilimia 3 zinabaki nje. Tunaomba kuona hadharani kama korosho iliyobanguliwa, chumvi na vinyago vimo kwenye hizo asilimia 7 au 3, na ofisi gani itawajibika kukusanya ushuru mpaka siku ya mwisho ya mpito. Kinga isiyotekelezwa hutufikisha kwenye hatua za ghafla kama ile ya Aprili 2025, nchi ilipozuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi na kuyafungulia tena baada ya siku chache. Wenye malori walioegeshwa njiani ndio waliolipa.

Mpakani nako kuna karatasi. Cheti chepesi cha uasili cha Afrika Mashariki, kinachomsaidia mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 pale Namanga au Mutukula, hakina kazi Mtambaswala wala Kilambo, kwa kuwa Msumbiji haimo kwenye Jumuiya hiyo. Huko kinatakiwa cheti cha SADC. Mama mwenye magunia matano ya mchele hataki kujua tofauti hiyo. Anavuka usiku kwa mtumbwi, anakuwa mhalifu kwenye mto aliozaliwa kando yake. Wekeni vyeti vyote viwili dirisha moja, fomu iwe ya Kiswahili upande wetu na ikubalike ng'ambo. SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019, kwa hiyo hoja ya lugha haipo tena.

Tunachoomba kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa ni hiki. Orodha za ushuru mlizopeleka au mnazotaka kupeleka Accra (Eneo Huru la Afrika) na Gaborone (SADC) zitafsiriwe Kiswahili na zibandikwe kwenye ofisi za vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao. Kifungu cha ushuru wa korosho ghafi na mpingo wa magogo kiandikwe kwa majina ya bidhaa, na kiombewe msamaha wa wazi kwenye kifungu cha 5 cha itifaki ya SADC. Wabanguaji wa ndani wapewe dirisha la kudumu kwenye mnada, loti zikianzia tani 10, na malipo ya awamu kwa dhamana ya stakabadhi yenyewe. Na kwenye ujumbe wa majadiliano awemo mtu mmoja anayejua kubangua na wakala mmoja wa forodha kutoka bandarini, wapewe rasimu wiki mbili kabla ya kikao, siyo asubuhi ya kikao.

Majibu yenu yaletwe kwa maandishi kupitia ofisi za wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Tukiitwa kueleza kipengele chochote, tutakuja na mizani, kisu cha kubangulia na sampuli za kila daraja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wabanguaji, makarani wa vyama vya msingi, mawakala wa forodha na wachongaji
Mtwara